Mlango Usiomjua Mtu

Kazi ya serikali, katika nchi nyingi za dunia, ilikuwa mali ya jamaa kabla haijawa mali ya umma. Mwenye mjomba ndani aliingia. Asiye na mjomba alibaki barazani akingoja. Desturi hii haikuwa ya bara moja wala ya taifa moja. Uingereza, ambayo watumishi wa serikali yake husifiwa kwamba huchaguliwa kwa mizani, nayo ilipita katika njia hiyo hiyo, na kumbukumbu zake zipo.

Mwaka 1834 kijana wa miaka 19, Anthony Trollope, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya, alitafutiwa kazi ya ukarani katika Posta ya London. Mama yake alikuwa na rafiki, na rafiki huyo alikuwa mkwe wa mkuu wa Posta. Basi mlango ulifunguka. Alipofika aliambiwa anakili mistari michache ya gazeti la The Times kwa kalamu ya unyoya. Akadondosha wino na kukosea tahajia. Akaulizwa kama anajua hesabu. Akajibu kuwa anajua kidogo, hali hata jedwali la kuzidisha hakulijua. Akaambiwa aandike kurasa chache nyumbani kwa mwandiko mzuri, azilete siku ya pili. Aliandika kwa bidii, akaja nazo, na hakuna aliyezitazama. Akaonyeshwa kiti, akaanza kazi kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Habari hizi alizisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichochapwa mwaka 1883 baada ya kufa kwake.

Miaka ishirini baada ya kijana huyo kuketi kitini, desturi iliyomwingiza ililaumiwa hadharani. Stafford Northcote na Charles Trevelyan waliandika taarifa fupi, iliyotolewa mwaka 1854, wakashauri kwamba watu waingie kazini kwa mtihani na wapande daraja kwa kustahili. Mwaka 1855 iliundwa Tume ya Utumishi wa Serikali ili kuwapima waombaji, na mwaka 1870 amri ya Malkia ikafungua mashindano kwa watu wote katika idara nyingi, ingawa si zote. Hata hivyo, neno hilo “wote” lilichukua muda mrefu kutimiza maana yake. Mwanamke alipoolewa alilazimika kuiacha kazi hiyo mpaka mwaka 1946, na malipo sawa kati yake na mwanamume yalikamilika mwaka 1961.

Trollope aliichukia mitihani ya namna hiyo, naye hakukosa hoja. Yeye aliyeingia kwa mkono wa rafiki alitumika mpaka mwaka 1867, na kwa shauri lake masanduku ya barua ya kusimama barabarani yalijaribiwa katika visiwa vya Channel mwaka 1852. Masanduku hayo ndiyo wazee wa yale yanayoonekana leo katika mitaa ya Uingereza. Mtihani wa hesabu ungalimrudisha mtumishi huyu mlangoni. Kwa hiyo, mwenye kuupenda mlango mpya hawezi kudai kwamba daima huchagua watu bora kuliko mlango wa zamani. Mlango wa zamani nao uliingiza watu wema. Dhuluma yake ilimwangukia yule ambaye hakuingia, ambaye hakuna aliyejua kama ni mwema au si mwema, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Mlango mpya huwauliza wengi. Siku hizi hata mwananchi wa nchi ya Jumuiya ya Madola, akiwa na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, huweza kuomba nafasi nyingi katika utumishi huo, isipokuwa zile zilizowekewa Waingereza peke yao. Kwa njia hii swali lililoanza London katika karne ya 19 lilimfikia mwanamke mmoja wa Tanga, akiwa katika mji wa Leicester.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao. Uingereza alifanya kazi miaka sita katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaosha, aliwalisha, aliwageuza vitandani watu waliokwisha sahau majina ya watoto wao. Kazi hiyo hakuidharau, lakini mgongo ulianza kumwuma, na zamu za usiku zilikuwa ndefu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 aliona tangazo la nafasi ya ukarani katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia malipo ya watu. Akaenda kutaka shauri kwa mjomba wake, mzee aliyetangulia kufika mji ule kwa miaka mingi, ambaye watu wa pwani humwendea katika shida zao.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Unamjua nani huko ndani?”

“Simjui mtu.”

“Basi tafuta mtu kwanza, karatasi baadaye.”

Mzee hakusema hayo kwa hila. Alisema aliyoyaona tangu utoto wake, na aliyemwamini alikuwa mtoto wa dada yake. Lakini mtu hakupatikana, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa inakaribia. Akaijaza fomu peke yake, katika intaneti, usiku baada ya zamu.

Fomu hiyo ilimshangaza. Jina lake lilifichwa kwa wale watakaoisoma, na shule aliyosoma kadhalika. Utaratibu huo wa kuficha majina ya waombaji ulitangazwa na serikali mwaka 2015, ili msomaji wa fomu asije akamkata mtu kwa asili yake wala kumbeba kwa asili yake. Tena tangu mwaka 2018 ilitumika mizani mpya ya kuwapimia waombaji. Mwombaji aghalabu hutakiwa kueleza, kwa maneno yasiyozidi 250, tukio moja ambalo alifanya kazi vizuri pamoja na wengine, au alikata shauri gumu, au alitengeneza jambo lililoharibika. Huelezwa hali ilivyokuwa, wajibu uliokuwapo, tendo la mwombaji, na matokeo yake. Kila jibu hupewa alama kutoka 1 hadi 7, na alama 4 ndiyo huhesabiwa kuwa inatosha.

Tukio alikuwa nalo. Katika nyumba ile ya wazee dawa za jioni zilikuwa zikichelewa wakati wa kupokezana zamu, na siku moja bibi mmoja nusura apewe dawa ile ile mara mbili. Yeye ndiye aliyefikiri kuweka daftari katika chumba cha dawa, litiwe sahihi na anayetoka na anayeingia kabla funguo hazijakabidhiwa. Aliliandika jambo hilo hivi: dawa zilikuwa zikichelewa, tulizungumza, daftari likawekwa, mambo yakatengenea. Baada ya wiki tano alipata jibu lake. Alikuwa amepewa alama 3, na hakuna sababu iliyoelezwa.

Mwuguzi mmoja Mwingereza, mwenzake wa zamu, aliomba kuisoma fomu ile. Aliposoma akamwuliza, “Nani aliweka daftari?”

“Tuliliweka.”

“Nyote mlilifikiri kwa wakati mmoja?”

Akanyamaza kidogo. “Nililifikiri mimi.”

“Basi mbona wewe humo katika maneno haya?”

Kosa hilo halikuwa la Kiingereza chake. Lilikuwa la adabu yake. Kiswahili kina njia nyingi za kumsitiri mtendaji. Kina kauli ya kutendwa isiyomtaja aliyetenda. Kina kauli ya kutendeka, ambamo jambo hujitokea kama mvua. Na kina “tu” ya wengi, inayobeba tendo la mmoja na kuligawa kwa wote. Mtoto wa pwani hufundishwa kuzitumia njia hizo kabla hajajua kuwa ni sarufi. Huambiwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwenye kusema “mimi, mimi” huhesabiwa kuwa ana kasoro anayoifunika.

Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huliona embe, hulibonyeza na kulinusa, na akitia shaka humwuliza jirani wa muuzaji. Lakini msomaji wa fomu haoni sura wala hana jirani wa kumwuliza. Ukiondoa ushahidi wa ndugu, ukaondoa ushahidi wa jina, ukaondoa na ushahidi wa shule, hubaki shahidi mmoja tu, naye ni mtu mwenyewe. Shahidi anayenyamaza kwa unyenyekevu hukumu yake ni moja na ya shahidi asiyefika barazani. Mlango usiomjua mtu humtaka kila mtu ajitaje.

Mwezi wa Oktoba nafasi nyingine ilitangazwa, akaandika upya. Niliona kwamba dawa zinachelewa. Nilihesabu siku zilizochelewa. Nilimweleza msimamizi wangu. Niliweka daftari. Alipoyasoma maneno hayo kwa sauti aliona haya, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Akayapitia tena kutafuta uongo ndani yake, asiuone. Mwishoni akaongeza sentensi moja kwamba wenzake ndio waliolidumisha daftari yeye alipokuwa likizo, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa kweli. Safari hii alipata alama 5.

Mwezi wa Februari 2023 aliitwa kwenye usaili, uliofanywa kwa njia ya kompyuta. Watu watatu walimwuliza maswali kutoka katika karatasi iliyo mbele yao, nao wakaandika zaidi ya walivyomtazama. Alidhani amewachukiza. Baadaye alielewa kwamba maswali yale yale huulizwa kila aliyeitwa, ili asiwepo mmoja aliyepewa njia nyepesi. Alifaulu, lakini waliomzidi alama walitosha kuzijaza nafasi, akawekwa katika orodha ya akiba ambayo huweza kutumika kwa miezi kumi na miwili. Akarudi kwenye zamu zake. Mwezi wa Agosti, alipokuwa amekwisha kata tamaa, aliitwa. Likafuata jambo la kuthibitisha yeye ni nani, ana haki gani ya kufanya kazi, alifanya kazi wapi kwa miaka mitatu iliyopita, na kama ana hukumu yoyote ya jinai. Akaanza kazi mwezi wa Novemba.

Siku ya kwanza alivaa kama aendaye harusini, akawakuta wenzake wamevaa sweta. Alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, kompyuta ya kubebeka, na masomo mengi ya kusoma ndani yake: kutunza siri za watu, kujihadhari na moto, namna ya kukaa kitini. Majani ya chai na maziwa watu walichangiana kwa fedha zao. Barua za ofisi zilijaa herufi za mkato, akaanza daftari la kuzifasiri. Lakini lililomtaabisha kuliko yote lilikuwa dogo: kila mtu, hata mkubwa wa ofisi, aliitwa kwa jina lake la kwanza. Msimamizi wake alikuwa mama mwenye mvi. Kwa wiki nzima hakuweza kumwita. Alikuwa akimsogelea mpaka aonekane, ndipo aseme, ili asilazimike kulitaja jina tupu la mtu aliyemzidi umri.

Katika masomo yale yalikuwamo mambo manne ambayo kila mtumishi hutakiwa kuyashika: uadilifu, ukweli, kuamua kwa ushahidi, na kutopendelea. Misingi hiyo ilipewa nguvu ya sheria ya Bunge mwaka 2010. Mambo manne ni mepesi kukariri. Mtoto wa madrasa hukariri zaidi ya hayo kabla ya adhuhuri. Uzito wake haukai katika maneno. Alifundishwa pia kwamba faili hufunguliwa kwa ajili ya kazi tu. Kwamba kila anayelifungua huacha alama ya jina lake na saa yake. Na kwamba kulifungua faili la jamaa, hata kwa kulitazama, huweza kumwondoa mtu kazini. Muda wake wa majaribio ulikuwa miezi sita.

Idi el-Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili 2024, ukiwa umesalia mwezi mmoja wa majaribio. Watu wa pwani walikutana nyumbani kwa mjomba wake kama ilivyo desturi. Baada ya chakula mzee akamwita karibu, sauti yake ikiwa ya kusikika na wote.

“Mwanangu, ombi langu lina miezi minne katika ofisi yenu. Sasa wewe u ndani.”

“Siwezi, mjomba.”

“Sikuombi ulipitishe. Litazame tu, unambie limekwama wapi.”

“Hata kulitazama siwezi.”

Mzee akakiweka kikombe chini. “Undugu ni kufaana, si kufanana,” akasema.

Methali hiyo haikuwa na jibu, na waliokuwapo walitazama mkeka. Mzee huyu ndiye aliyemlipia kodi ya nyumba miezi mitatu alipofika nchi ile hana kitu. Hakumwuliza atalipa lini, wala hakulitaja jambo hilo mbele za watu; hata siku hiyo ya Idi hakulitaja. Kama angelitaja ingekuwa rahisi zaidi kumkatalia.

“Jumamosi nitakuja, mjomba, tukae tuandike barua ya kuulizia. Nitakuandikia kila neno.”

“Barua naweza kuandikiwa na mtu yeyote.”

“Ndiyo, mjomba. Msaada wa mtu yeyote ndio nilio nao.”

Siku ya pili alimwambia msimamizi wake kwamba ana jamaa mwenye ombi katika ofisi ile, ili faili hilo lisije likapitia mikononi mwake hata kwa bahati. Jumamosi akaenda kama alivyoahidi. Akapiga hodi mara tatu. Taa ilikuwa ikiwaka ndani, na mlango haukufunguliwa.

Msomaji anaweza kuuliza kama sheria yenye kuvunja udugu ni sheria njema. Swali hilo ni la haki, na mwanamke huyo alilala nalo usiku mwingi. Alikumbuka kwamba katika mafaili aliyoyashughulikia walikuwamo watu wasio na mpwa wala binamu katika ofisi yoyote duniani. Kama kila karani angelitazama faili la mjomba wake kwanza, mafaili ya watu hao yangekaa chini ya mengine siku zote. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao miaka miwili iliyopita, alipokuwa fomu isiyo na jina. Akaona kwamba hawezi kuushukuru mlango kwa kutomwuliza anamjua nani, kisha akasimama ndani yake na kuwauliza wengine swali hilo hilo. Hoja hiyo ilimtosha akilini. Haikumtosha moyoni, na alipothibitishwa kazini mwezi wa Mei hakuwa na mtu mzima wa kumpelekea habari.

Tarehe 4 Julai 2024 Waingereza walipiga kura. Chama cha Conservative kilichotawala miaka 14 kilishindwa, na siku ya pili yake, Ijumaa, Keir Starmer wa chama cha Labour akawa Waziri Mkuu mahali pa Rishi Sunak. Mawaziri walibadilika wote. Katika ofisi ile hakuna kiti kilichohamishwa. Makarani walikuja kwa saa yao, wakafungua mafaili yao, na kazi ikaendelea pale ilipoachwa Alhamisi.

Wiki mbili baadaye hodi ilipigwa mlangoni kwake. Alikuwa mjomba wake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.” Akaketi, akaitazama nyumba. “Serikali imeondoka, nawe bado u kazini?”

“Bado, mjomba.”

“Hawakuwafukuza kuweka watu wao?”

“Hatukuwa watu wa wale, mjomba, wala si watu wa hawa.”

Mzee akalifikiri neno hilo. Kisha akatoa barua mfukoni. Ombi lake lilikuwa limepitishwa mwezi wa Juni, na malipo yamehesabiwa tangu siku aliyoomba, pasipo kupungua kitu. Alikuwa ameandikiwa barua ya kuulizia na kijana wa jirani.

“Nimepewa haki yangu,” akasema. “Aliyetia sahihi hapa hanijui, nami simjui. Nimshukuru nani?”

Hakusema kwa kumkejeli. Alikuwa mtu mzima aliyepokea kitu, na kwa adabu yake kila kilichopokewa kina mtu wa kurudishiwa asante. Mpwa wake hakuwa na jibu. Alimimina chai, akamwekea sukari kama apendavyo, na mzee akanywa. Kodi ya miezi mitatu haikutajwa, wala siku ya Idi. Alipoondoka alisema kwamba Ijumaa kutakuwa na hitima, asikose.

Swali la mzee halina nafasi katika mizani yenye alama 1 hadi 7, nalo ni swali la maana. Trollope alimjua mtu wa kumshukuru. Mlango wa zamani ulikuwa na sura. Mlango mpya hauna, na hilo ni sehemu ya bei yake. Mwanamke yule naye hakumjua msomaji aliyempa alama 5, wala wale watatu walioandika bila kumtazama sana. Shukrani yake haikuwa na pa kurudi nyuma, ikabidi iende mbele, kwa mtu mwingine asiyemjua. Jumatatu iliyofuata alifungua faili la kwanza la siku, la mtu wa mji ambao hajapata kufika, akalisoma mpaka mwisho.